Nyigu wa muhogo hatakuokolea mpapai

Swali: Mimi ni mkulima mdogo wa Kwale. Nina mipapai 40, na kando yake robo ekari ya muhogo. Tangu kiangazi kianze, mipapai imefunikwa na wadudu weupe kama pamba mpaka kwenye matunda, na majani ya chini yameganda weusi kama masizi ya sufuria. Nimepuliza dawa mara 5. Kila mara wanapungua, baada ya wiki mbili wamerudi, na sasa wameingia kwenye muhogo. Mzee mmoja hapa kijijini aliniambia kwamba zamani muhogo uliliwa na wadudu kama hawa, wataalamu wakaleta nyigu wakawamaliza. Nyigu hao wanauzwa wapi? Na wakishawamaliza wadudu, hawatageukia mazao yetu au kutuuma? Mume wangu anataka tukate mipapai yote tuanze upya.

Jibu: Dada yangu, mwambie shemeji aliweke panga chini kwanza, na wewe uliweke bomba la dawa pembeni. Mzee wenu amesema kweli, ila amekufikisha nusu ya njia. Nyigu aliyeokoa muhogo yupo, na huenda yumo shambani mwako hivi sasa bila wewe kujua. Lakini huyo hatakusaidia kwenye mpapai. Mpapai una mdudu wake, na mdudu huyo ana nyigu wake. Ukikosea jina la mdudu, umekosea kila kitu kinachofuata, na waliowahi kukosea hivyo si wakulima peke yao. Wataalamu wakubwa walikosea kabla yako, nitakueleza.

Wadudu hawa kwa jumla tunawaita vidung'ata. Wengine husema milibagi. Ni wadudu laini wanaofyonza utomvu wa mmea, na unga unaouona si ugonjwa bali ni nta wanayojifunika nayo. Wako wa aina nyingi sana, na kwa macho ya kawaida wote ni unga tu. Kwa maelezo uliyonipa, na kwa kuwa wameanzia kwenye mpapai ndipo wakahamia muhogo, nadhani ni kidung'ata wa mpapai, ambaye kitaalamu huitwa *Paracoccus marginatus*. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Miaka ya 1990 alisambaa visiwa vya Karibi, mwaka 2008 akaingia India, kisha Afrika Magharibi, na kwetu Afrika Mashariki ameonekana katika miaka ya 2010. Hali mpapai tu: hula pia muhogo, bilinganya, bamia, mbono kaburi, na yale maua ya haibiskasi tunayopanda kuwa ua wa nyumba. Kagua ua wako leo. Mara nyingi ndiko anakojificha mtu anapohangaika shambani.

Usikubali neno langu bila kupima, na kipimo ni rahisi. Chukua vidung'ata kama 10 kutoka kwenye mpapai, uwatie kwenye kichupa chenye spiriti ya kusafishia vidonda, ukiache siku mbili. Akiwa hai, kidung'ata wa mpapai ana mwili wa manjano chini ya ule unga. Ndani ya spiriti hugeuka samawati iliyokoza, karibu na weusi. Kidung'ata wa muhogo wa zamani, *Phenacoccus manihoti*, ana mwili wa rangi ya waridi, na dalili yake unaiona kwenye ncha: majani machanga hujikunja na kusongamana kama kabichi, na pingili huwa fupi fupi zilizopinda. Fanya kipimo hicho kwa wadudu wa mpapai na wale wa muhogo, kila kundi kichupa chake, maana inawezekana una aina mbili.

Sasa kile kisa cha mzee. Muhogo ni mgeni Afrika, ulitoka Amerika Kusini, na kwa karne kadhaa uliishi hapa bila maadui wake wa kwao. Mwaka 1973 kidung'ata wake alionekana Kongo, katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville. Watu hawakujua ametoka wapi. Kwa kuwa wote ni majike, wanaozaa bila dume, mmoja tu akiangukia kwenye pingili ya mbegu anatosha kuanzisha ukoo mzima. Kwa hiyo alisafiri na mbegu na upepo, nchi baada ya nchi, mpaka ukanda wote wa muhogo ukawa mashakani. Kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Kisamvu nacho kilikauka, na ujuavyo wewe, nyumba yenye njaa hutegemea kisamvu kabla haijafikia mizizi.

Kazi ya kumtafutia dawa ilishikwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, chini ya mtaalamu Mswisi aitwaye Hans Herren. Mantiki yake ilikuwa kwamba kama mdudu huyu kwao hasumbui, basi kwao kuna anayemla. Wakaenda kumtafuta kaskazini mwa Amerika Kusini. Wakampata kidung'ata kwenye muhogo, anafanana na wetu kama shilingi kwa shilingi, na ana nyigu wake. Nyigu wakaletwa, wakawekwa kwa kidung'ata wa Afrika, wakashindwa kuzaana. Ndipo walipotazama vizuri kwa darubini: yule wa kaskazini alikuwa aina nyingine kabisa. Alikuwa na madume, wetu hana. Akapewa jina *Phenacoccus herreni*, kwa heshima ya Herren. Mimi jambo hili hunichekesha kila mara: mdudu asiyehusika ndiye aliyebeba jina la mtu.

Mdudu mwenyewe alipatikana mwaka 1981 nchini Paraguay, na Anthony Bellotti wa CIAT, taasisi nyingine ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Alikuwa mchache sana huko, tena mwenye nyigu. Nyigu huyo, *Anagyrus lopezi*, alipitishwa karantini Uingereza, akapelekwa Nigeria, na mwaka huohuo wa 1981 akaachiliwa. Baadaye walimzalisha kwa wingi na kumsambaza nchi zaidi ya 20, sehemu nyingine wakimmwaga kutoka kwenye ndege. Hapo Tanzania kazi hiyo ilikuwa na kituo chake Kibaha. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Na Thailand walipovamiwa na mdudu huyohuyo mwaka 2008, walimwomba nyigu yuleyule kutoka Afrika, naye akafanya kazi.

Usidhani kosa la jina lilianzia kwenye muhogo. Hapa hapa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kahawa ya Thika ilishambuliwa na kidung'ata. Wakamwita kwa jina la aina iliyokuwa ikijulikana duniani, wakaagiza wadudu rafiki kutoka Asia ya mbali, na miaka ikapita bila mafanikio. Mwishowe, katika miaka ya 1930, mtaalamu wa wadudu R. H. Le Pelley akatambua kwamba ni aina ambayo haijawahi kupewa jina. Sasa anaitwa *Planococcus kenyae*, ingawa kwao si Kenya. Kwao ni Uganda, mwendo wa treni tu! Mwaka 1938 nyigu wakaletwa kutoka Uganda, na kahawa ikapona. Walivuka bahari kutafuta kilichokuwa kwa jirani.

Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha spiriti kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa mpapai, nyigu anayehusika anaitwa *Acerophagus papayae*. Ni mdogo kuliko chembe ya mtama, rangi ya manjano, na hata akitua kwenye kidole chako huenda usimwone. Jike hutafuta kidung'ata mchanga, humchoma na kumtia yai ndani ya mwili. Mtoto wa nyigu humla kidung'ata kutoka ndani, polepole, na baada ya wiki mbili hadi tatu hutoka akiwa mkubwa. Kinachobaki ni ganda kavu lililovimba, lenye tundu la duara. Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika walipomwachilia pamoja na wenzake wachache, vidung'ata walipungua kwa zaidi ya asilimia 97. India walimleta mwaka 2010 kutoka Puerto Rico, na ndani ya miezi michache mipapai, miforosadi ya wafuga nondo wa hariri na mihogo ikatulia. Hapa Kenya, watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wakishirikiana na shirika la kimataifa la CABI wamekwisha kumwachilia mashambani, na ukanda wetu wa Pwani umo.

Kwa hiyo jibu la "wanauzwa wapi" ni kwamba hawauzwi. Nyigu wa namna hii huachiliwa mara moja, wakishika huzaana na kuhama wenyewe kutoka shamba hadi shamba, bila kuuliza mpaka wala mwenye shamba. Mfanyabiashara gani atafunga bidhaa ambayo mteja akinunua mara moja hatarudi tena, na jirani yake ataipata bure? Ndiyo sababu agroveti hana, na hatakuambia habari zake. Wa kuuliza ni afisa kilimo wa wadi yako na kituo cha KALRO Mtwapa. Waulize kama wamekwisha kumwachilia nyigu karibu nawe, na uwaombe waje kukagua. Wala usijaribu kuagiza au kubeba wadudu hai kutoka nchi nyingine kwa njia za panya; lazima wapitie karantini ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, maana nyigu naye anaweza kubeba vimelea vinavyomuua yeye mwenyewe.

Hofu yako ya kuumwa au kugeukwa ni ya haki. Watu wamewahi kuleta viumbe wa kula kila kitu, wakajutia. Lakini nyigu hawa si kama nyigu wa darini unaowajua. Ule mwiba wao ni mrija wa kutagia mayai, na hauwezi kupenya ngozi ya mtu. Hawali majani wala matunda. Huchaguliwa kwa sababu hawana pa kuzaania isipokuwa kwa kidung'ata wao, na kabla ya kuachiliwa hujaribiwa kwa wadudu wengine. Vidung'ata wakipungua, nyigu nao hupungua, wakabaki wachache wakiwinda wachache. Kwa hiyo usitarajie kuona shamba lisilo na kidung'ata hata mmoja. Ukimwona huyo mmoja hapa na pale, mwache, ndiye chakula cha mlinzi.

Sasa kuhusu dawa ulizopuliza. Jike mmoja wa kidung'ata wa mpapai hutaga mayai kati ya 100 na 600, yakiwa yamefungwa ndani ya mfuko wa nta ambao dawa haipenyi. Unapopuliza, unaua wanaotembea. Mayai hukaa salama, yanaanguliwa ndani ya siku kama 10, na ile hesabu yako ya wiki mbili inatimia barabara. Wakati huohuo nyigu, ambaye hana nta ya kujifunika na kazi yake ni kutembea juu ya jani, anakufa wa kwanza. Yaani kila ulipopuliza uliwaondolea adui yao. Wadudu waliorudi baada ya kupuliza mara ya tatu, ya nne na ya tano walizidi kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu dawa ilikuwa imechakachuliwa kama unavyoweza kudhani.

Na jambo moja linaloniuma, kwa kuwa mimi mwenyewe nililifanya nikiwa kijana mpya kazini: katika hao weupe, si wote ni vidung'ata. Watoto wa baadhi ya mbawakawa wadogo wa duara, wale wanaokula vidung'ata, nao hujifunika nta nyeupe, tena ndefu na ya kutimka kuliko ya vidung'ata wenyewe. Nilikuwa nawafinya kwa kidole nikijisifu kwamba nimewapata wale wakubwa. Ukitaka kuwatofautisha, mguse kwa kijiti. Kidung'ata atabaki pale pale au atajikokota. Mtoto wa mbawakawa atakimbia. Anayekimbia mwache.

Tazama pia sisimizi. Vidung'ata hutoa maji matamu, hayo ndiyo yanayoota ukungu mweusi unaoufananisha na masizi, na sisimizi huyapenda kama watoto wanavyopenda kashata. Kwa kulinda utamu wao huwafukuza nyigu na mbawakawa, na hata huwabeba vidung'ata wachanga kuwahamishia kwenye mti mwingine. Zungusha shina la mpapai kwa kipande cha nailoni upana wa kiganja, ukifunge imara, ndipo upake grisi juu ya nailoni. Usipake kwenye gome lenyewe, litaungua. Kata majani yanayogusa ua au mti wa jirani, la sivyo sisimizi watapita kwa daraja hilo. Wakulima wa pwani wataniuliza: na chungu waitwao maji moto je? Wale chungu wekundu wanaoshona majani ni rafiki mkubwa kwenye mnazi, mkorosho na mwembe, kwa sababu huwafukuza wadudu wanaofyonza matunda. Lakini hata wao hufuga vidung'ata. Kwenye minazi waache watawale. Kwenye mpapai wenye unga, wazuie kwa grisi hiyo hiyo.

Kwa upande wa muhogo kuna jambo ambalo wachache wanalijua, na kwa ardhi yenu ya kichanga lina uzito. Wataalamu wa IITA, akiwemo Peter Neuenschwander, waligundua kwamba nyigu wa muhogo alifanya vizuri karibu kila mahali, isipokuwa kwenye mashamba machache ya mchanga uliochoka, usiofunikwa. Sababu yake ni ya ajabu. Muhogo wenye njaa hutoa vidung'ata wadogo. Nyigu jike akimpata kidung'ata mdogo humtagia yai la dume. Akimpata mkubwa, yai la jike. Kwenye mchanga uliochoka wanazaliwa madume kwa wingi kuliko majike, na madume hayatagi. Ukitandaza majani makavu na nyasi kati ya mistari na ukatia samadi ya mbuzi kiasi, unalisha muhogo na papo hapo unarekebisha familia ya nyigu. Kiasi, nimesema. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia ikizidi, hasa kwenye mpapai, huwanenepesha vidung'ata.

Basi mwezi huu fanya hivi. Mipapai ambayo imekufa kilele si rahisi kupona, hiyo shemeji aikate, na nadhani haitazidi michache. Iliyobaki, ondoa majani ya chini na matunda yaliyofunikwa kabisa. Usivichome moto mara moja, kwa sababu ndani ya maganda yale yaliyovimba kunaweza kuwa na nyigu ambao hawajatoka. Viweke kwenye beseni, na beseni hilo ulisimamishe juu ya tofali ndani ya karai la maji yenye sabuni, kivulini. Nyigu akitoka ataruka aende zake. Kidung'ata hawezi kuvuka maji. Baada ya wiki tatu zika mabaki.

Majani yaliyobaki mtini yapige kwa maji ya kasi, upande wa chini hasa, asubuhi kwa asubuhi siku tatu mfululizo. Mvua ikinyesha itakufanyia kazi hiyo. Vidung'ata ni watu wa kiangazi. Mahali palipozidi, puliza sabuni ya maji, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 2 za maji, jioni, mti kwa mti, si shamba zima. Jaribu kwanza kwenye jani moja usiku mmoja uone kama haliungui. Sabuni ikikauka haibaki na sumu, kwa hiyo nyigu anayefika kesho hatadhurika. Na kile kisamvu cha muhogo uliopuliziwa dawa usikichume sasa. Soma kwenye lebo siku za kungojea, na kama dawa hiyo haikuandikwa kabisa kwa mboga za majani, kata ncha hizo uzifukie, ungoje chipukizi mpya.

Mwisho, tujue kama nyigu wako tayari. Chagua majani 3 ya mpapai yenye vidung'ata wengi, kutoka upande ambao dawa haikufika, uyatie kwenye chupa pana ya kioo. Funika mdomo kwa kipande cha kanga kilichofungwa kwa mpira, si kwa chandarua, maana matundu yake ni makubwa kwao. Iweke ndani, kwenye mwanga lakini si juani, wiki tatu. Kila asubuhi tazama upande wa chupa unaoelekea dirishani, nyigu hukimbilia mwanga: vidoa vya manjano vinavyotembea haraka na kurukaruka. Ukiviona, muite afisa kilimo avione kabla hujafungua, kisha ipeleke chupa chini ya mpapai ulioharibika zaidi na uifungulie hapo, asubuhi, jua halijawa kali. Usipoona kitu chochote, niandikie pamoja na jibu la kile kichupa cha spiriti, tujue cha kuwaomba watu wa Mtwapa.